Nani Aliyewamaliza Nzige

Tarehe 4 Machi

Kwako mdogo wangu,

Simu nimekufungia na sitaifungua, kwa sababu kwenye simu una ule ulimi wako wa kuuza bima, na mimi hukasirika kabla sijafika kwenye hoja. Kwenye karatasi hutanikatiza. Barua hii anakuletea dereva wa lori la sponji, huja huko kila wiki kunipakilia mzigo. Jibu, kama unalo, mpe yeye.

Juzi nilikuwa karakana, tunavuta kitambaa kwenye kochi la watu watatu, nina pini mdomoni. Mpwa wako kafungulia redio. Mtangazaji anasema leo tunaye mwenye ukumbi wa gemu za zamani, bingwa wa utotoni. Mara nasikia sauti yako. "Nilikuwa na miaka sita. Niliwamaliza nzige wote, hatua zote kumi na sita, peke yangu. Hakuna mwingine aliyewahi." Nusura nimeze pini.

Peke yako.

Ukaongeza kwamba ulipata pointi laki tatu, elfu mbili na tano. Sasa nisikilize. Mashine ile inaonyesha tarakimu tano tu. Ikifika elfu tisini na tisa mia tisa na tisini inarudi sifuri, kila mtoto wa mtaa wetu alilijua hilo. Halafu nzige wa kawaida ana pointi arobaini, mwekundu mia na hamsini, malkia elfu mbili. Nitajie ni nzige yupi mwenye pointi tano. Hata uongo wako hukuupigia hesabu.

Kwa kuwa umejisahaulisha, nakukumbusha. Mama aliinunua mashine kwenye baa iliyofungwa, akaiweka chumba cha mbele, kwenye duka letu. Jina la gemu liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, tukaiita Nzige kwa sababu ya wale wadudu wanaoshuka kula shamba. Chini kwenye kioo kuna kigari cha kupuliza dawa. Gia ya kukiendesha, ule mpini wa mkono, ilivunjika, fundi akatoa ya upande wa mchezaji wa pili, akaifunga mwisho kabisa kushoto, karibu na dirisha la duka. Kitufe cha kufyatulia kikabaki kulekule kulia. Ubao mpana kama mlango, hakuna mtoto aliyeweza kufika kote kuwili.

Mimi ndiye niliyesimama dirishani. Mkono wa kulia nauza biskuti na kurudisha chenji, wa kushoto naendesha kigari. Shule ikifungwa nasimama, shule ikifunguliwa nikitoka nasimama. Wewe ulikuwa upande wa pili juu ya kreti la soda, unabonyeza kitufe nikikwambia bonyeza. Hiyo ndiyo kazi uliyofanya. Siku malkia alipoanguka na shamba likawa kijani kioo kizima, na ule mwimbo ukapigwa, ni mimi niliyetufikisha pale.

Najua hakuna ushahidi. Umeme ulikuwa ukikatika majina yote yanafutika, ndiyo maana tulikuwa na ile sheria kwamba aliyekuwa juu anaanza bure umeme ukirudi. Unajua hakuna ushahidi, na ndiyo maana umepata ujasiri.

Nenda kwenye redio hiyohiyo useme ukweli. Na mashine uliyoichukua kwa Mama, uliyomwambia unaipeleka kutengenezwa, irudi kwangu.

Dada yako


Tarehe 11 Machi

Dada yangu mwenye hasira zako,

Nimepokea. Dereva wako alisimama mlangoni akanitazama kama mwizi, nadhani ulimsomea barua kabla hajaondoka.

Redio ilinipa dakika nne. Katika dakika nne nieleze gia ilivunjikaje, fundi alikuwa nani, dada yangu alikuwa anauza biskuti gani? Nilifupisha. Kwenye zile pointi nilikosea, hapo umenishika, nakubali.

Lakini hili la nani alimaliza, tuongee kama watu wazima. Kigari kikienda kushoto, kikienda kulia, bila kufyatua, kinaua nini? Kinatembea tu, kama mzee anayetafuta miwani yake. Kila nzige aliyekufa kwenye gemu ile aliuawa na kidole changu. Ulikuwa dereva, Dada, na ulikuwa dereva mzuri, sibishi. Ila dereva wa gari la dawa hapulizi dawa.

Halafu unasema nilikuwa nabonyeza ukiniambia. Mara nyingi ulipokuwa unasema bonyeza nilikuwa nimeshabonyeza. Ulikuwa umegeuka dirishani unagombana na mtu juu ya chenji.

Mashine niliikuta stoo kwa Mama, juu yake ndoo mbili na magunia, panya wameshaanza kula ubao. Hukuwahi kuiulizia miaka yote hiyo. Nimebadilisha waya, nimesafisha kioo, nimetafuta balbu za nyuma mji mzima. Sasa vijana wanapanga foleni. Nimeweka kibao juu yake: BINGWA WA KWANZA ALICHEZA HAPA. Kibao hicho ndicho kinachowaleta. Kikitoka, ukumbi wangu ni chumba chenye masanduku manne ya zamani na friji ya soda.

Msalimie shemeji na wapwa zangu. Mama ameniambia kwa simu kwamba yeye hakumbuki nani alimaliza, anakumbuka kelele tu.

Mdogo wako


Tarehe 13 Machi

Mzee anayetafuta miwani.

Umeandika hivyo kwangu mimi. Sawa.

Sikuiulizia kwa sababu nilijua iko wapi. Kitu chako kikiwa stoo kwa mama yako huulizi kila siku kama kipo. Na nilikuwa na kazi. Karakana hii nilianza na mkasi wa kuazima na kochi moja la jirani lililopasuka. Leo nina mafundi watano. Nimetengeneza makochi mengi kuliko viti vya ukumbi wako mara hamsini, na watu wanayakalia, wanalala juu yake, wanamwagia chai, hakuna anayejua nani aliyatengeneza. Silalamiki, ndiyo biashara. Lakini lile la nzige lilikuwa langu. Nikiwa nimelala usiku nikiwaza madeni, ninachokisikia ni ule mwimbo wa mwisho. Kwamba kuna kitu kimoja mtaa mzima ulishindwa, na mimi nilikiweza nikiwa nauza biskuti. Hicho ndicho ulichokwenda kukigawa redioni.

Usitake tuongee kama watu wazima. Tucheze. Jumamosi ya tarehe 23 nakuja. Waite vijana wako wote. Nitacheza peke yangu, gia na kitufe. Mikono yangu sasa inafika. Na usiniambie habari za kidole. Mimi nafyatua pini za makochi kutwa nzima kwa bunduki ya upepo, kitufe cha plastiki hakitanishinda.

Nikiimaliza, kibao kinashuka na mashine inapanda lori.

Dada yako


Tarehe 25 Machi

Kwako,

Umekiharibu kile kitufe.

Usijifanye hujui. Nilisimama pale mbele ya vijana wako na simu zao, hatua ya kwanza nikapita, na mlinipigia makofi, na wifi akanipa soda. Hatua ya pili nikafa, roho ya kwanza kati ya tatu ikaenda. Roho ya pili nikafa. Roho ya tatu nzige mmoja tu amebaki, tena wa kawaida, wa pointi arobaini, anashuka taratibu mbele ya macho yangu, kigari kiko chini yake sawasawa, na mkono wangu wa kulia umekaa tu kama mgeni. Mtoto mmoja nyuma yangu akasema "Mama, bonyeza." Ukumbi mzima ukacheka. Wewe hukucheka, nilikuona, ulikuwa unatazama viatu vyako. Mtu asiye na hatia hatazami viatu.

Kitufe kile kimelainishwa. Cha zamani kilikuwa kigumu, unasikia tak. Hiki unabonyeza hujui kama kimeingia. Na gia ni ileile, niliijua mara tu nilipoishika, ule mkwaruzo wake wa kushoto upo. Kwa hiyo upande wangu umeuacha kama ulivyokuwa, upande wa pili ukauharibu. Kwa nini, kama si kwa hila?

Nimerudi kwenye lori kati ya marobota ya sponji. Dereva alinionea huruma akazima redio. Nimekuwa mtu wa kuzimiwa redio.

Nataka unifungulie mashine mbele ya fundi wangu mimi, si wako.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Mlete fundi wako. Mlete na polisi ukipenda. Kitufe ni kilekile. Kina ufa upande wa chini, mahali nilipokuwa naweka kucha. Ukipitisha kidole unausikia. Hukuusikia kwa sababu hukujua kama upo, na hukujua kwa sababu hujawahi kukishika maishani mwako. Ulisema cha zamani kilikuwa kigumu. Tak ulikuwa unaisikia kwa masikio, Dada. Ilikuwa inatoka kwangu.

Nilitazama viatu kwa sababu sikutaka kukuona vile. Yule mtoto nimemfukuza, hatakanyaga tena, na kijana aliyerekodi nimesimama mbele yake mpaka akafuta.

Sasa na mimi niseme langu, maana wewe umesema yako kwa barua tatu. Nyumba ile kila kitu kilikuwa chako. Ufunguo wa droo wako. Kiti chako. Maneno ya Mama yalikuwa "mwulize dada yako". Nguo zangu zilikuwa zako kwanza, hata sweta lile lenye maua nililokwenda nalo shule wakanicheka. Kitu kimoja tu uliniachia, kitufe, na uliniachia kwa sababu mkono wako haukufika. Nilisimama juu ya kreti lile mpaka miguu ikawa na alama za mistari ya plastiki. Kisha ulipokuwa unasimulia watu ulikuwa unasema "nilimaliza". Nilikuwa nimekaa pembeni nikikusikia, miaka na miaka. Nilimaliza, nilimaliza. Kwa hiyo nilipopata maikrofoni nikasema na mimi.

Ungenipa nusu tangu zamani nisingekwenda redioni kuchukua yote.

Ningekuonyesha mwenyewe jinsi inavyomalizwa siku ile ulipokuja, ila mgongo ulikuwa umenikamata.

Mdogo wako


(Imo ndani ya bahasha hiyohiyo)

Wifi yangu,

Nimeifungua bahasha hii kabla dereva hajaondoka, nisamehe, na usimwambie.

Mgongo wa mume wangu ni mzima. Kila asubuhi anatoka mapema kabla ya kufungua ukumbi, anafunga mlango kwa ndani, anacheza Nzige. Nimemchungulia. Wifi, hafiki hatua ya tatu. Kidole kinafyatua vizuri sana, tatizo ni kwamba kigari hakipo mahali. Kinagonga ukingo wa kushoto, kinakaa hapohapo, yeye anafyatua hewa. Jana alikipiga teke kitako cha mashine halafu akakiomba radhi.

Watu wakimwambia bingwa tuonyeshe, siku moja ni mgongo, siku moja macho, siku moja mashine inahitaji kupumzika. Wameanza kumchoka. Ukumbi umepungua. Mimi naona kibao kile kitatuua kwa njaa kabla ya nzige.

Njoo mlimalize hili. Nyinyi wawili mnafanana kwa ubishi mpaka mnachosha.

Wifi yako


Tarehe 5 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Nina habari za mgongo wako. Usiulize nimezipata wapi, na ukimgusa aliyenipa utanijua.

Kwa hiyo ulijua. Nilipokuwa nasimama pale nafedheheka, ulijua kwamba wewe mwenyewe huvuki hatua ya tatu. Uliniacha nife peke yangu mbele za watu, kisha ukakaa ukaniandikia kwamba ungenionyesha. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara napata hasira mpya, wala zile za zamani hazijapungua.

La sweta sikulijua. Sikumbuki maua. Lakini sitalizungumza sasa, maana ukinichanganya na sweta nitasahau kilichonikasirisha.

Jana nilimsimamisha mpwa wako upande wa kulia wa meza ya kukatia. Nikamfungia swichi ya zamani ya taa kwenye ubao, mimi nikashika mpini wa nyundo kama gia. Nikamwambia ajifanye anafyatua ninapokwenda. Mafundi wakaacha kazi wakatutazama. Akawa anabonyeza, nikamwambia mapema, nikamwambia umechelewa, nikamwambia hapana si hapo. Akaniuliza, "Sasa Mama, mjomba alikuwa anajuaje?" Nikamwambia arudi kwenye kazi yake.

Sikiliza masharti. Jumamosi tarehe 13 nakuja. Mlango ufungwe, asiwepo kijana hata mmoja. Kushoto mimi, kulia wewe. Tukiimaliza, mashine inabaki kwako na kibao kitaandikwa upya kwa maneno nitakayoyasoma mimi kwanza. Tukishindwa, mashine inarudi kwa Mama na ndoo zake juu, na hakuna kati yetu atakayeitaja tena. Kama hatuwezi sasa, basi hata zamani hatukuweza.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Nimekubali. Kibao nimekishusha mwenyewe, hakukuwa na haja ya kungoja.

Nina sharti moja. Usiniambie bonyeza. Hata mara moja. Ukisema bonyeza naachia kitufe naondoka.

Mdogo wako


Tarehe 15 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Naandika kabla hasira hazijapoa, nisije nikakuonea huruma.

Ile roho ya mwisho uliipoteza wewe. Hatua ya kumi na nne wekundu wanashuka wawili wawili kutoka pembeni, wanavuka katikati. Huyo wa kushoto ndiye wa kwanza kufika chini, kila siku ndiye wa kwanza. Nilikuwa nimeshageuza kigari kwake. Wewe ukampiga wa kulia. Usiniandikie kwamba nilichelewa kugeuka. Sikuchelewa. Nilikuwa pale, wifi ni shahidi wangu, na yeye hapendelei upande wowote.

Hatua ya tisa, wale wanaotokea chini, tulipita bila kupoteza hata roho moja. Nilijua unazuia pumzi. Ulikuwa unazuia pumzi hivyohivyo ukiwa juu ya kreti, na mimi nikiisikia imekatika ndipo nilipokuwa najua uko tayari, nageuza. Nimekuwa nikidhani miaka yote kwamba nilikuwa naongozwa na kioo.

Sikusema bonyeza. Umeona. Nililiuma mdomoni hatua kumi na nne, na taya bado linaniuma.

Sasa kuhusu masharti. Nilisema tukishindwa mashine irudi stoo. Wakati unafuta jasho ulinitazama kama unangoja niite lori. Sikuliita, na wewe hukuuliza, na dereva alikuwa nje anapiga honi. Usinikumbushe nilichokiandika, ninakikumbuka vizuri kuliko wewe. Mashine iliyofika hatua ya kumi na nne haiwekewi ndoo juu. Hiyo ni hesabu tu, si huruma.

La redio sijakusamehe. Hilo litakaa. Na nusu uliyosema sikukupa, nimeifikiria kwenye lori nikaona una haki ya kukasirika, ila huna haki ya kukasirika kunizidi. Niache nami nikasirike kwa zamu yangu.

Jumamosi hii nakuja tena, na inayofuata pia kama haitatosha. Mkwaruzo wa gia usiuguse kwa mafuta, ndio unaonielekeza kushoto. Upande wako fanya unavyotaka, ni wako.

Na mahali pa kile kibao paache wazi kwa sasa. Kijana yeyote akikuuliza nani aliwamaliza nzige, mwambie walikuwa wawili. Usiongeze neno.

Dada yako